Kumulika Kicheche Usiku Katika Bonde la Aubrey

Wenzangu wa Phoenix, hasa tunaofanya zamu za usiku kwenye nyumba za wazee, huniuliza ninafuata nini Seligman, mji mdogo wa kaskazini mwa Arizona, Marekani, ulio karibu na Bonde la Aubrey. Ninafuata kicheche mwenye miguu myeusi (black-footed ferret), mnyama adimu wa Marekani Kaskazini. Idara ya wanyamapori ya Arizona hutafuta watu wa kujitolea kumhesabu, majira ya kuchipua na ya vuli, na sisi tuliozoea kukesha tunafaa kuliko wengi. Ila usiende kivyako na taa yako. Mnyama huyu analindwa na sheria ya Marekani ya 1973 ya viumbe walio hatarini kutoweka, na bonde lenyewe lina wenyewe: sehemu ni ya jimbo, sehemu ya Wahualapai, na kuna ranchi ya Big Boquillas ya Wanavajo, wote wenyeji wa asili wa Marekani. Jiandikishe, upangiwe kundi na eneo.

Kuhusu mavazi sitasema mengi. Seligman iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo joto la Phoenix lisikudanganye. Beba koti zito, kofia na glavu. Buti ziwe za kufunika vifundo vya miguu, maana ardhi imejaa mashimo, na nyoka wapo. Chomeka suruali ndani ya soksi na ujipake dawa ya kufukuza wadudu. Viroboto wa huko wanaweza kubeba tauni, ileile inayoua watu. Mbwa abaki nyumbani, kwa sababu distempa, ugonjwa ambao mbwa huweza kuubeba, humwua kicheche. Ukiwa na mafua, baki nawe. Mafua ya binadamu humwambukiza pia.

Fika mapema, jua likiwa bado lipo, ukaangalie mashimo. Wengi huruka hatua hii, nami naona ndiyo yenye maana kuliko zote. Chakula cha kicheche ni kindi wa mashimoni (prairie dog), karibu hicho tu: kicheche mmoja hula zaidi ya mia moja kwa mwaka, na hulala na kuzaa kwenye mashimo ya haohao aliowala. Tazama wapi udongo ni mbichi, wapi kindi wanapiga kelele, wapi pamenyamaza. Ukiona shimo lililochimbuliwa, udongo umevutwa nje ukaacha kama mfereji mwembamba, weka alama kwenye ramani. Huenda kicheche alikuwa akimchimbua kindi aliyejizibia ndani. Usiku anza na hapo.

Giza likiingia, dereva aende polepole sana, na mwenye kurunzi azungushe mwanga bila kusita, kutoka karibu hadi mbali na kurudi. Shika kurunzi usawa wa macho yako. Mng'ao wa jicho hurudi kule mwanga ulikotoka, kwa hiyo ukiishikia kiunoni utapitwa na mengi. Kicheche ana jicho la kijani cha zumaridi, chini karibu na ardhi, na huchungulia, akazama, akachungulia tena. Sungura wa masikio marefu huwaka wekundu. Swala wa kule, macho yake yako juu mno. Buibui nao wanameremeta, lakini ukisogea unakuta nukta tu kwenye nyasi. Anayesumbua hasa ni nyegere wa Kimarekani, kwa kuwa naye ana rangi ya kijani. Tazama nafasi kati ya macho, kichwa chake ni kipana.

Ukimwona, usipige kelele. Simamisheni gari. Mmoja abaki akimulika lile shimo, asiangalie kando hata akiitwa, na mwingine atembee akiongozwa na mwanga. Mashimo ya bondeni usiku yanafanana kama punje za mchele, ukipepesa macho umepoteza. Mkifika, wekeni alama yenye kung'aa na mwandike vipimo vya GPS. Kuna kifaa cha duara kinachotegwa mdomoni mwa shimo. Kicheche akipitisha kichwa, kinasoma chipu iliyo chini ya ngozi. Kisiposoma kitu, huenda ni mtoto aliyezaliwa porini, na hapo wataalamu hutega.

Mtego ni kizimba kirefu chembamba kilichofunikwa kwa gunia, ili ndani kuwe na giza kama shimoni. Kazi yako hapo ni kuukagua kila saa, bila kuchelewa, kwa sababu ya baridi. Akinaswa, hupelekwa kwenye kituo cha muda, hupewa usingizi wa dawa, huchanjwa dhidi ya tauni na distempa, huwekwa chipu, hupakwa rangi kidogo shingoni ili asitegwe bure tena, kisha hurudishwa shimo lilelile. Kumbuka vizuri shimo lipi!

Uangalifu wote huu una sababu. Mwaka 1979 wataalamu walishakata tamaa, wakidhani kicheche huyu ametoweka duniani. Mwaka 1981 mbwa wa ranchi huko Meeteetse, Wyoming, akaleta nyumbani mzoga wa kicheche, ndipo ikajulikana bado wapo. Magonjwa yakawapiga, na kufikia 1987 waliobaki 18 walikuwa wamekamatwa wote. Saba tu kati yao ndio mababu wa karibu wote waliopo leo. Aubrey ililetewa wa kwanza mwaka 1996, na bustani ya wanyama ya Phoenix ni miongoni mwa wanaowazalisha. Mwaka 2020 alizaliwa Elizabeth Ann, nakala (kloni) ya jike aliyekufa 1988 ambaye seli zake zilihifadhiwa zikiwa zimegandishwa. Habari hiyo ilisambaa, na ni kazi ya ajabu, lakini mimi ningewapongeza zaidi wanaopita shimo hadi shimo wakipuliza unga wa kuua viroboto. Tauni ikiwamaliza kindi, kicheche wa maabara atakula nini?

Alfajiri jaza fomu kabla ya kulala: saa ulizomulika, njia uliyopita, hali ya hewa, macho ya kila mnyama uliyemtambua. Usipomwona kicheche hata mmoja, andika sufuri, tena kwa wino unaosomeka. Eneo lililomulikwa likatoka tupu si sawa na eneo ambalo halikumulikwa, na anayepanga hesabu ya msimu ujao atahitaji kujua lako ni lipi.