Kujenga Nyumba Katika Kiwanja Chembamba Kilichobanwa na Majirani

Kiwanja cha upana wa mita nne au tano, kilichosalia kati ya nyumba mbili za Magomeni au Kariakoo, Dar es Salaam, kinatosha nyumba ya familia, mradi mwenyewe asianze kwa kuhesabu vyumba. Aanze kwa kuamua ni sehemu gani itabaki wazi kwa anga, kwa kuwa dirisha lililowekwa mpakani litazibwa siku jirani atakapopandisha ukuta wake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Sumiyoshi, Osaka, nchini Japani, ambako mwaka 1976 msanifu majengo Tadao Ando alikamilisha nyumba yenye chini na juu, upana wake ukiwa mita 3.3 hivi na urefu mita 14. Aliigawa sehemu tatu na kuiacha ya katikati bila paa, hata mwenye kwenda chooni usiku wa mvua hana budi kushika mwavuli. Kwa sisi tuliolelewa katika nyumba zenye uani, wazo hilo si geni. Ninachoshauri ni kuezeka ubavu mmoja wa ua huo ili upatikane ujia mkavu, na kuacha matundu kwenye kuta za mbele na nyuma, upepo wa kusi na wa kaskazi upite.

Mpima ardhi akishathibitisha mawe ya mpaka, na manispaa ikishatoa kibali cha ujenzi, kazi ngumu ni msingi. Nyumba nyingi kongwe zina misingi mifupi. Kwa hiyo piga picha nyufa za ukuta wa jirani yeye mwenyewe akiwepo, kisha chimba kando yake vipande vya mita moja moja visivyofuatana, kwa mpangilio wa mhandisi, kila kimoja kimwagwe zege na kukauka kabla ya kugusa cha pembeni yake. Nimeona mtaro mrefu ulioachwa wazi wakati wa masika ukizaa ufa wa upana wa kidole, uliopanda kutoka kona ya dirisha la jirani hadi kwenye kenchi.

Mteremko wa paa uelekee ndani, maji ya mvua yaangukie uani kwako na si kwa jirani. Karo la maji taka lichimbwe upande wa barabara, kwani likikaa nyuma, mpira wa gari la kunyonya utalazimika kupitishwa sebuleni kila linapojaa.