Kuwafundisha watoto ala za muziki: sikio kwanza, jina baadaye

Mwonyeshe mtoto wa gredi ya nne tari, atakwambia "tari", na mambo yataishia hapo. Keshajibu, keshamaliza. Sasa lifiche tari hilo hilo nyuma ya leso ulipige, uone shingo zinavyonyooka. Mwongozo huu wote umesimama hapo: watoto wasikie, waeleze walichosikia, ndipo waone na kushika. Mimi nafundisha Lamu, kwa hivyo mifano ni ya huku. Mwalimu wa Malindi atabadilisha kidogo tu, maana kayamba na ngoma za Wagiriama anazo mlangoni.

Tayarisha leso mbili na kamba ya kuzitungika, tari moja lenye visahani vya chuma ukingoni na jingine lisilo navyo, kayamba, ngoma ndogo, rekoda (filimbi ya shule yenye matundu), chupa tatu za soda za kioo zilizo sawa, kijiko, konzi ya mchele, mirija, na simu yenye spika ndogo. Usichokuwa nacho, azima. Mji huu haujapata kuwa na njaa ya ngoma.

Hatua ya 1: Zungumza na wazazi

Walimu wengi huiruka hatua hii, kisha wakashangaa kuona mzazi langoni asubuhi. Lamu kuna nyumba ambazo dufu na kasida hazina neno, lakini filimbi na ala za nyuzi hazitakiwi kwa sababu za dini. Wanazuoni wenyewe wametofautiana katika jambo hili, na si kazi ya mwalimu wa muziki kulikata. Peleka barua fupi wiki moja kabla, utaje kila ala kwa jina na itafanyiwa nini. Mzazi akisema mwanawe asipulize, mtoto huyo apige tari au awe mwandishi wa yanayosikika. Asifanywe kioja mbele ya wenzake.

Hatua ya 2: Dakika moja ya kimya

Bado hujatoa ala hata moja. Watoto wafumbe macho dakika moja kamili, kisha kila mmoja ataje sauti ambayo mwenzake hajaitaja. Hapa kwetu watataja punda, kunguru, injini ya boti, patasi ya fundi wa milango. Ziandike ubaoni kwa safu tatu bila kueleza kwa nini: za kugonga, za pumzi, za kusugua au kutikisa. Wao wenyewe watauliza vipi punda amewekwa safu moja na muadhini.

Hatua ya 3: Nyuma ya leso

Hapa usiharakishe, hata kipindi chote cha dakika 35 kikiisha.

Keti nyuma ya leso na upige mdundo ule ule kwa kila ala. Ukibadilisha mdundo, watoto watashika mdundo na kuisahau sauti. Uliza maswali matatu: Kinapigwa, kinatikiswa au kinapulizwa? Sauti inakatika papo hapo au inabaki kidogo? Kinacholia ni kitu kimoja au viwili?

La tatu ndilo tamu. Piga tari lisilo na visahani, halafu lililo navyo. Majibu huwa ya namna hii:

"Mwalimu, hilo la pili lina kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Kama sarafu mfukoni."

Huyo ameshaijua ala kabla ya kuiona. Mwingine akipayuka jina, usimkemee. Muulize, "Umejuaje?" Mara nyingi hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.

Hatua ya 4: Mchele juu ya ngozi

Shusha leso. Lishike tari bapa, ngozi ikiangalia juu, unyunyize punje chache za mchele. Mtoto asogeze mdomo karibu na ngozi aimbe "uuu" kwa nguvu, bila kupuliza. Punje zitarukaruka. Apandishe sauti, aishushe: kuna mahali zinacheza kwa fujo na mahali zinatulia kabisa. Kila mtoto atataka zamu yake, nawe mpe. Mtetemo ambao ungeueleza kwa maneno mengi wameuona kwa macho.

Kisha waonyeshe kazi ya joto. Msimu wa masika ngozi hunywa unyevu, ikalegea, na tari likalia kama limeziba. Wapigaji hulipasha moto kabla ya shughuli. Shuleni jua linatosha: lipige, lianike barazani nusu saa, ulipige tena. Sauti itakuwa imepanda na kukaza.

Kayamba nalo lina mtego wake. Ni matete yaliyofungwa bapa, mbegu zikiwa ndani, na mtoto asiyefundishwa hulitikisa ovyo likatoa mvumo mmoja usio na mwisho. Alishike kwa mikono miwili, azisukume mbegu zifike ukingoni kwa pamoja, asimame, kisha azirudishe. Mdundo unatoka kwenye huko kusimama.

Hatua ya 5: Pumzi

Tia maji katika chupa tatu kwa viwango tofauti. Puliza juu ya mdomo wa kila moja: yenye maji mengi hutoa sauti ya juu zaidi, kwa kuwa hewa iliyobaki ndani ni fupi. Sasa, kabla hujazigonga kwa kijiko, wapige kura ni ipi itakayolia juu. Karibu wote wataichagua ile ile, na kijiko kitawaumbua: ukigonga, yenye maji mengi ndiyo ya chini, maana sasa kinachotetema ni kioo, na maji yanakitia uzito. Waache wabishane.

Baada ya hapo, mrija. Ubonyeze ncha moja iwe bapa, uikate pande mbili ichongoke, uitie mdomoni ipite midomo, upulize kwa nguvu. Utapata mlio wa puani unaofanana na zumari ya kirumbizi, ule mchezo wa fimbo, na kanuni ni hiyo hiyo: ndimi mbili nyembamba zinazopigana kwa pumzi. Ukate mrija ufupike, sauti itapanda. Ukimpata mpiga zumari akaja darasani, waambie watoto wasimtazame vidole, wamtazame mashavu. Huweka hewa humo na kuisukuma nje huku akivuta nyingine kwa pua, ndiyo maana sauti haikatiki.

Rekoda ije mwisho, na kwa siku ya kwanza noti tatu za mkono wa kushoto zatosha: gumba na kidole cha shahada ni B, ongeza cha kati upate A, ongeza cha pete upate G. Kila mtoto na yake. Zisipotosha, ioshwe kwa maji na sabuni kila inapobadilisha mdomo.

Hatua ya 6: Kusikiliza kwa kazi

Chagua kipande cha taarabu cha dakika mbili. Udi, ile ala ya nyuzi, wa mwanamuziki Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, unafaa sana. Kipige mara tatu, kila mara kwa kazi moja: kwanza wanyanyue mkono mwimbaji anapoingia, kisha wataje kinachochunwa na kinachosuguliwa, udi na fidla, mwisho wagonge mdundo magotini. Ukiwapa kazi zote tatu kwa pamoja hawatasikia chochote.

Hatua ya 7: Siwa

Malizia kwa ziara ya Makumbusho ya Lamu, nusu siku tu. Uliza mapema kama siwa, yaani yale mabaragumu makubwa ya jadi, zinaonekana siku hiyo: ya Pate ni ya pembe za ndovu, ya Lamu ni ya shaba. Wakifika, wape swali moja, mdomo huwekwa wapi? Wengi watatafuta nchani, kumbe tundu liko ubavuni.

Kuhusu kuhifadhi: matari yatungikwe ndani, mbali na ukuta unaovuja na mbali na dirisha la baharini, kwa kuwa chumvi hula visahani. Kayamba likaguliwe kila muhula, wadudu hupenda matete. Rekoda zikaushwe kabla ya kurudi mfukoni, kila mfuko na jina la mwenyewe.