Pikipiki ya Matairi Manne Haiwaki? Usikimbilie Kununua Sidiai

Pikipiki inayoshinda ufukweni Kigamboni ikigoma kuwaka, lawama ya kwanza huangukia sidiai (CDI), kisanduku cha umeme kinachoamuru cheche ya plagi. Mara nyingi kosa si lake. Chumvi huingia kwenye soketi za waya, hula shaba mpaka ikawa ya kijani, na umeme hukosa njia. Kwa hiyo kabla hujapanda kivuko kwenda Kariakoo kutafuta spea, shika mita, msasa laini na spana ya plagi.

Hakikisha gia iko nyutro, breki imebanwa, swichi nyekundu ya kuzimia iko sawa na kamba ya usalama ya nyuma imechomekwa. Nyingi hazipigi stata breki isipobanwa.

Halafu betri. Ikiwa imepumzika na imejaa, husoma volti 12.6 hadi 12.8. Iangalie tena huku mwenzako akipiga stata: ikishuka chini ya 9.6 ichaji kwanza, na kama imeshachajiwa vizuri na bado inashuka hivyo, imechoka. Ikiwa betri ni nzima lakini unasikia "tik" tu, fuata waya wa ethi (ule wa hasi wa betri) mpaka unapofungwa kwenye injini au fremu. Fungua bolti, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza. Kazi ya dakika kumi, na ndiyo watu huiruka.

Stata ikizunguka bila injini kushika, pima moto, yaani cheche ya plagi. Fungua plagi, irudishe kwenye kofia yake iliyo mwisho wa waya, gusisha chuma chake chenye nyuzi za skrubu kwenye chuma cha injini, mbali na tundu ilikotoka kwa sababu mvuke wa petroli hushika moto. Piga stata. Cheche ya bluu inayolia ni nzima. Usipige stata kofia ikiwa inaning'inia hewani. Umeme ukikosa ethi unaweza kuunguza sidiai au koili (inayokuza umeme wa plagi).

Hakuna cheche? Weka plagi mpya, uwazi wa milimita 0.6 hadi 0.7. Bado? Zungusha kofia kinyume cha saa itoke, kata nusu sentimita ya waya mpaka uone shaba safi, irudishe. Kofia yenye rezista husoma karibu omu 5,000. Mita isiposoma kitu, kofia imekufa.

Sasa swichi ya kuzimia. Kwenye mashine nyingi za Kichina, waya mweusi wenye mstari mweupe huzima injini kwa kupeleka sidiai ethi. Maji ya chumvi yakiingia kwenye swichi, injini inakuwa kama imezimwa muda wote. Chomoa waya huo kwenye sidiai, pima moto tena. Cheche ikirudi, tatizo ni swichi au waya wake. Urudishe kabla ya kuendesha, la sivyo hutakuwa na njia ya kuizima kwa swichi. Swichi ikiwa safi na moto bado hakuna, hapo ndipo upime palsa (kihisi kinachoiambia sidiai lini itoe cheche) na koili kwa vipimo vya kitabu cha mashine yako, na sidiai iwe ya mwisho.

Ikiwaka, pandisha mzunguko wa injini na upime betri: volti 13.5 hadi 14.5. Ikizidi 15, regyuleta (kidhibiti cha chaji) imeharibika na itaichemsha betri. Ikibaki 12, angalia soketi ya nyaya tatu za njano zinazoleta umeme wa chaji kutoka kwenye injini. Mara nyingi utaikuta imeyeyuka.