Jinsi ya kuomba ufadhili wa masomo kutoka kwa waliosoma zamani shuleni kwako: mwongozo kwa wahitimu wa Mbeya, Iringa na Njombe

Siku ya mahafali majina huitwa kwa masomo: wa kwanza Hisabati, wa kwanza Baiolojia, kisha kaka mkuu na dada mkuu. Wengi waliokaa chini ya turubai hawaitwi. Kati yao wapo waliopita shambani kila asubuhi kabla ya kuhesabiwa namba shuleni, waliolea wadogo zao baada ya kufiwa, waliobaki bwenini likizo kwa kukosa nauli, na bado wakafaulu kwa Daraja la Tatu bila mtu kushtuka. Katika shule zetu za Nyanda za Juu Kusini yapo makundi ya waliosoma zamani yanayochangishana kuwasomesha vijana wa aina hiyo hasa. Mimi ni mmoja wa wanaosoma maombi yao kwa niaba ya kundi letu. Ninaandika kwa sababu anayestahili zaidi mara nyingi ndiye anayeleta ombi fupi kuliko wote. Amezoea kutoulizwa habari zake, na anapoulizwa anajibu kwa mistari miwili.

Usijitoe mwenyewe kabla hujaomba

Tangu 2016 kidato cha kwanza hadi cha nne hakilipiwi ada katika shule za serikali, na tangu mwaka wa masomo 2022/23 hata cha tano na sita. Mzigo unaanza baada ya hapo. Wanaofanya vizuri kabisa kwenye sayansi kidato cha sita wana Samia Skolashipu, ufadhili wa serikali. Wanaokwenda kusoma shahada wana Bodi ya Mikopo. Mikopo ya stashahada ilianza 2023/24, nayo ni kwa fani chache zilizopewa kipaumbele. Sasa mwangalie aliyepata Daraja la Tatu kidato cha nne, pointi 22 hadi 25, au Daraja la Nne lenye masomo manne aliyofaulu, anayetaka kusoma kilimo pale Uyole au umeme VETA Mbeya au VETA Iringa. Milango mingi imemruka. Huyo ndiye tunayemtafuta, lakini ndiye anayesema, "Hizo ni za waliopata One."

Kwa hiyo soma tangazo la kundi la shule yako neno kwa neno. Lisipotaja daraja, usiliwekee daraja wewe.

Hatua ya kwanza: lipate kundi, na uhakikishe ni lenyewe

Makundi mengi hayana ofisi. Yanaishi kwenye WhatsApp, kila mwaka wa kuhitimu na kundi lake, na mara nyingi kuna kamati ndogo ya elimu inayounganisha yote. Anayewajua ni makamu mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma, maana ndio wanaopokea ugeni wao wakija na mabati au vitabu. Nenda shuleni mwenyewe. Kama shule iko mbali na kwenu, mwombe mwalimu unayemwamini akuulizie mambo matatu: wanafadhili ngazi gani, wahitimu wa mwaka gani, na mwisho wa kupokea maombi ni lini.

Hakuna kundi la kweli litakalokutoza fedha ya fomu, ya usajili wala ya "kufungua faili". Ukipokea ujumbe kwamba umechaguliwa na utume kiasi fulani kwanza, hao ni matapeli wale wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Usitume hata shilingi mia. Mpelekee ujumbe huo makamu mkuu wa shule ili wenzako waonywe.

Hatua ya pili: karatasi

Hapa ndipo wengi wanapochelewa, na huwa hazitafutiki kwa siku moja. Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari na ya sita Julai, lakini karatasi hizi unaweza kuanza kuzikusanya ukiwa bado unasubiri.

Unahitaji nakala ya matokeo kutoka tovuti ya NECTA pamoja na namba yako ya mtihani iliyoandikwa kamili, yaani namba ya shule, namba yako na mwaka. Cheti chenyewe huja baadaye, na kamati inalijua hilo. Unahitaji cheti cha kuzaliwa. Kama huna, anzia ofisi ya mkuu wa wilaya, kwenye dawati la usajili wa RITA, ukiwa na uthibitisho wowote wa mahali na tarehe ya kuzaliwa: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha shule ya msingi. Unahitaji barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa, yenye muhuri. Kama mzazi amefariki, weka nakala ya cheti cha kifo. Kama kaya yenu iko kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, andika namba ya kaya. Usione aibu, namba hiyo peke yake inasema kile ambacho ungehangaika kukieleza kwa ukurasa mzima. Mwisho ni fomu ya kujiunga na chuo kama umeshapata nafasi, au uthibitisho kwamba umeomba.

Majina yanataka uangalifu wa pekee. Huku kwetu jina la ukoo linaloanza na Mwa- linaweza kuandikwa kwa namna tatu katika karatasi tatu: y imekuwa i, herufi moja imedondoka, au shuleni uliandikishwa kwa jina la babu na kwenye cheti cha kuzaliwa kuna jina la baba. Panga karatasi zako zote mezani na uzilinganishe herufi kwa herufi. Zikitofautiana, nenda kwa wakili au mahakama ya mwanzo ukaape kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, kisha uambatanishe. Usirekebishe kwa kalamu. Karatasi iliyochezewa inaua ombi zuri, na baadaye itakusumbua chuoni, Bodi ya Mikopo na hata NIDA.

Ukienda steshenari kuskani, kaa na mhudumu mpaka amalize. Kagua kila ukurasa unasomeka, kisha ondoka na karatasi zako zote halisi.

Hatua ya tatu: barua ya maelezo

Hii ndiyo inayoamua. Karatasi zinathibitisha kwamba upo, na barua ndiyo inayotuonyesha wewe ni nani.

Barua nyingi huanza hivi: "Mimi ni mtoto kutoka familia duni sana, hivyo naomba mnisaidie ili nitimize ndoto zangu." Hakuna uongo ndani yake, lakini baada ya kusoma hamsini za namna hiyo siwezi kukumbuka hata moja. Zote zinafanana, na anayechagua hana cha kushika.

Ilinganishe na hii, niliyoitunga kwa mfano: "Mama analima viazi mviringo Isyonje. Anauza kwa lumbesa, na bei inapangwa na mwenye gari. Baba aliondoka nikiwa kidato cha kwanza. Tangu kidato cha pili, kila Jumamosi nilikuwa napakia viazi kwa kulipwa kwa gunia, na fedha hiyo ndiyo iliyolipa madaftari yangu na ya mdogo wangu aliye darasa la sita. Kidato cha nne nilipata Daraja la Tatu pointi 23. Fizikia nilipata C, na ndilo somo nililokuwa nalisoma peke yangu usiku." Hapo hakuna neno "maskini" hata mara moja. Lakini najua nyumba hiyo inaingiza nini na lini. Najua kijana huyu ametunza fedha na amebeba mtu mwingine. Tena naweza kumpigia mwenyekiti wa kitongoji nikamuuliza juu ya mambo yaliyoandikwa.

Basi andika kazi halisi inayofanyika nyumbani kwenu: mahindi, chai ya Rungwe, vibarua vya mbao Sao Hill, kuuza ndizi Tukuyu, bodaboda ya kaka. Andika fedha inaingia msimu gani. Hili watu hulipita, lakini ni la muhimu sana. Mvua za kwetu zinaanza Novemba, na mahindi yanavunwa katikati ya mwaka. Januari matokeo yanapotoka, nyumba nyingi ziko kwenye miezi mikavu ya fedha, mbegu na mbolea zimeshameza akiba. Mfadhili aliyeko Dar es Salaam kwa miaka ishirini anaweza kuwa amelisahau hilo. Mkumbushe: "Tunaweza kuchangia nauli na godoro mwezi wa saba tukishauza mahindi, ila ada ya kuanzia hatuna." Sentensi kama hiyo inaonyesha kwenu mmekaa chini mkapiga hesabu.

Eleza pia kile ulichokifanya ambacho hakikupewa cheti. Ulikuwa unawafundisha wenzako Hisabati bwenini? Ulimpeleka bibi kliniki kila mwezi? Ulitembea umbali gani kwenda shule ya kata? Mdogo wangu, hayo si majigambo. Kamati haikuwepo na haina njia nyingine ya kujua.

Kama matokeo yako yana F ya kutisha, itaje na ueleze kilichotokea, kwa ufupi. Ukinyamaza tutaiona tu kwenye karatasi ya NECTA, na tutabaki kubahatisha sababu.

Malizia kwa mchanganuo wa gharama. Chukua takwimu kwenye fomu ya kujiunga ya chuo chenyewe, usikisie. Ada ya VETA kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, na wafadhili wengi wakiona hivyo hudhani kijana hahitaji msaada mkubwa. Wanaoacha mafunzo ya ufundi, mara nyingi hawaangushwi na ada. Kinachowaangusha ni ovaroli, buti, vifaa vya kazi, kodi ya chumba kwa aliyekosa bweni, na nauli ya kutoka Makete au Ileje. Orodhesha vyote, na mbele ya kila kimoja andika nani atalipa: mzazi, wewe, au kundi. Usiombe kila kitu kama kuna kitu nyumbani wanaweza.

Kurasa mbili zinatosha. Kwa mkono ni sawa, mradi mwandiko usomeke.

Hatua ya nne: mdhamini wa maneno yako

Fomu itataka mwalimu athibitishe. Wengi hukimbilia kwa mkuu wa shule kwa sababu ana muhuri. Muhuri uchukue kwake, lakini maelezo yaandikwe na anayekujua: mwalimu wa darasa, mwalimu wa malezi, patroni au matroni. Matroni anajua nani alikuwa analia usiku na nani alikuwa anashiriki sabuni yake na wenzake. Mpelekee nakala ya barua yako mapema, umsalimie vizuri, umwombe aandike alichokiona kwa macho yake. Mistari mitano ya matroni imewahi kunishawishi kuliko ukurasa wa sifa kutoka ofisi kubwa.

Hatua ya tano: kutuma, na simu itakapoita

Kama ni kwa baruapepe, weka kila kitu kwenye faili moja lenye jina lako na namba ya mtihani. Kama ni kupeleka kwa mkono shuleni, bahasha iandikwe jina na simu, na uombe aliyepokea akusainie kwenye nakala yako. Weka namba mbili za simu, ya pili iwe ya jirani au ndugu mwenye simu inayowaka muda wote. Kuna vijana tumewakosa kwa sababu laini ilikuwa ya kuazima.

Wakikupigia, kwa kawaida ni mwanakamati mmoja au wawili, watu wa umri wa wazazi wako au kaka na dada zako. Amkia, kaa mahali penye mtandao, jibu polepole. Watakuuliza yale yale uliyoandika ili kuona kama ni yako. Watakuuliza pia kwa nini kozi hiyo. "Ina ajira" ni jibu la kila mtu. Sema ni nini hasa kilikuvuta.

Wanaweza kumpigia mwenyekiti wa kitongoji au kuja nyumbani. Msifiche televisheni na wala msihamie kwa jirani mwenye nyumba mbaya zaidi. Nyumba yenye televisheni inaweza kukosa ada kabisa, hilo tunalijua. Tukikuta mmetudanganya, ombi linaishia hapo.

Kama umeomba pia mkopo wa Bodi au msaada wa parokia, usharika au msikiti, sema. Mara nyingi kundi litalipa kile ambacho wengine hawakulipa, kwa mfano chakula na pango.

Ukikubaliwa, na usipokubaliwa

Makundi makini hayakabidhi ada mkononi. Utaombwa namba ya malipo kutoka chuoni, nao watalipa moja kwa moja na kukutumia risiti. Fedha ya kujikimu inaweza kuja kwa simu kwa awamu. Tunza kumbukumbu ya matumizi kwenye daftari, na kila muhula tuma matokeo yako hata kama hayapendezi. Ukirudia somo, ukiugua au ukitaka kubadili kozi, waandikie kabla hujafanya, kwa kuwa malipo yameshapangwa kwa jina la kozi ile ya kwanza.

Usipochaguliwa, mpigie katibu wa kamati umuulize ni nini kilipungua. Ana wajibu wa kukujibu. Mara nyingi ni karatasi moja iliyokosekana au fedha kuisha, na makundi mengi hupokea tena maombi ya mhitimu wa mwaka uliopita. Barua yako usiitupe. Ongeza yaliyotokea tangu ulipoiandika, badilisha mchanganuo kwa fomu mpya ya chuo, chukua barua mpya ya mtendaji kwa sababu ya zamani itakuwa na tarehe iliyopita, na uitume wiki ile ile dirisha linapofunguliwa.