Viatu vya theluji vya mlimani: anza na bawaba

Wengi wakishika kiatu cha theluji, kile kifaa kipana kinachofungwa chini ya buti ili usizame thelujini, hutazama fremu kwanza. Mimi hukipindua, nikakagua pale kifungio cha mguu kinapoungana na fremu. Uzito wako wote hupita hapo kila unapokanyaga, na viatu vingi huanza kufa hapo.

Bawaba hiyo ni ya aina mbili. Kuna ukanda mzito wa mpira au nailoni, ambao huvuta mkia wa kiatu juu kila unapoinua mguu. Kuna pia ufito wa chuma unaozunguka kwa uhuru, mkia ukaning'inia. Kwa mlima mkali nachagua ufito: mkia ukishuka humwaga theluji, na ncha ya buti huchoma vizuri kwenye mwinuko. Kishike kifungio kwa nguvu, ukitikise kushoto na kulia. Kikicheza kingali kipya, kirudishe. Kagua na ribiti zote. Pembeni mwake pasiwe na ufa hata wa unywele.

Meno ya kung'ata barafu chini ya kiatu yawe ya chuma. Ya alumini ni mepesi, lakini mawe huyala upesi, na mlimani upepo hupeperusha theluji ukaacha mawe wazi. Meno ya chini ya vidole pekee hayatoshi. Ukikatiza mteremko ulioganda, kinachokushika ni reli zenye meno ubavuni mwa kiatu. Fremu ya bomba la mviringo hapo huteleza. Kiwepo pia kiinua kisigino, kile kijiti cha waya unachosimamisha wakati wa kupanda. Misuli ya nyuma ya miguu yako itashukuru.

Mikanda ijaribu ukiwa umevaa glavu zako nene. Usipoweza kufunga na kufungua bila kuzivua, acha. Napenda mikanda ya mpira yenye matundu kuliko bizimu za plastiki zenye meno, kwa kuwa barafu huziba meno hayo, na plastiki hafifu hukatika kwenye baridi kali. Uliza kama mkanda mmoja unauzwa peke yake. Viatu visivyo na vipuri sivinunui, viwe vizuri namna gani.

Ukubwa hupimwa kwa uzito wako pamoja na nguo na shanta lililojaa. Kwenye theluji iliyoshikana, urefu wa sentimita 56 hadi 64 huwatosha wengi. 76 ni kwa theluji laini yenye kina, au kwa mwenye mzigo mkubwa. Usizidishe urefu bila sababu, maana kiatu kirefu huisokota bawaba zaidi unapogeuka.

Hata kiatu imara hupinda ukikisimamisha juu ya mawe mawili, katikati pakiwa patupu. Epuka hilo, na shantani weka waya mwembamba, mkanda wa akiba na koleo ndogo ya kukunjia waya. Ukirudi, vikaushe mbali na moto.