Kuinua Kiwango cha Ufumaji wa Kroshe: Mwongozo kwa Aliyekwisha Kuanza

Wengi wetu katika Afrika Mashariki tumejifunza kroshe kwa kutazama mikono ya mtu mwingine, awe mama, shangazi, jirani au mwalimu wa stadi za kazi. Njia hiyo inafaa sana kwa kuanzia, lakini ina ukomo wake. Anayenakili mikono peke yake huweza kurudia kitambaa alichoonyeshwa, ila hajui kwa nini kimoja kimekaa bapa juu ya meza na kingine, kilichofumwa kwa uzi uleule, kimenyanyuka pembeni. Mwongozo huu ni kwa ajili yake. Msimamo wangu ni kwamba ujuzi hukua pale mfumaji anapojifunza kuisoma kazi iliyo mkononi mwake, kuihesabu na kuipima, na hatua zote zinazofuata zinajengwa juu ya hilo.

Kwa kuwa majina ya mishono hutofautiana kutoka mahali hadi mahali, nitaeleza ninachokusudia. Mshono mfupi ni ule ambao unaingiza sindano, unavuta uzi, kisha unaupitisha uzi katika vitanzi viwili kwa pamoja. Mshono mrefu huanza kwa kuzungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuiingiza, halafu vitanzi hutolewa viwiliviwili mara mbili. Mshono wa kati huanza kama mrefu, lakini vitanzi vyake vitatu hutolewa vyote kwa mpigo mmoja. Mshono wa kuungia ni ule usio na urefu, unaotumika kufunga mzunguko.

Hatua ya 1: Linganisha sindano na uzi

Tazama namba ya milimita iliyochongwa kwenye sindano yako. Kipimo hicho ni cha unene wa mwili wa sindano, yaani sehemu iliyonyooka nyuma ya ndoana, na ndiyo inayoamua ukubwa wa kitanzi. Mfumaji anayefanya vitanzi vyake kwenye shingo nyembamba iliyo karibu na ndoana hupata mishono midogo kuliko namba ya sindano inavyoahidi, na ubanaji wa namna hiyo huonekana sana katika kazi za wanaoanza. Kila kitanzi kipya kifike kwenye mwili wa sindano kabla hujaendelea.

Kwa uzi mwembamba wa pamba unaotumika kwa vitambaa vya meza, sindano ya kati ya milimita 1.25 na 2 hufaa. Uzi wa akriliki wa unene wa wastani huhitaji milimita 4 au 5. Kwa mazoezi ya hatua zinazofuata, chagua uzi laini wa rangi nyepesi usio na manyoya, kwa sababu uzi mweusi huificha mishono unayotaka kuisoma.

Hatua ya 2: Tawala urefu wa kitanzi cha kwanza

Wanaofundisha kroshe husisitiza mno kubana na kulegeza uzi kwa vidole vya mkono wa kushoto. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya jambo. Kitu kinachoamua urefu wa mshono ni kitanzi unachokivuta mara tu baada ya kuingiza sindano. Ukikivuta juu, mshono unarefuka; ukikiacha kilale karibu na kitambaa, mshono unakuwa mfupi na mgumu. Ndiyo maana watu wawili wenye sindano moja na uzi mmoja huweza kutoa vipande vyenye upana sawa lakini urefu tofauti kabisa.

Fuma mistari kadhaa ya mishono mirefu ukikitazama kitanzi hicho peke yake. Kivute hadi urefu uleule kila mara, kisha umalizie mshono bila kukaza zaidi. Usijali kasi. Baada ya hapo fuma kipande kingine ukikiinua kitanzi zaidi kwa makusudi, halafu kingine ukikibana, uviweke vyote mezani na kuvilinganisha. Zoezi hili lina faida kubwa kuliko kujifunza mapambo mapya kumi, kwa kuwa baada yake utaweza kurekebisha urefu wa kazi bila kubadilisha sindano.

Mnyororo wa kuanzia, yaani ule mfuatano wa vitanzi ambao mstari wa kwanza hufumwa juu yake, una tabia yake. Mara nyingi hubana kuliko mistari inayoufuata, na ukingo wa chini wa kitambaa hujipinda. Fuma mnyororo kwa sindano iliyozidi kwa nusu milimita, kisha urudi kwenye sindano yako ya kawaida. Vilevile, geuza mnyororo uone vinundu vilivyo mgongoni mwake, na ufume mstari wa kwanza ukiingiza sindano katika vinundu hivyo. Ni kazi ya subira, lakini ukingo wa chini utafanana na ule wa juu.

Hatua ya 3: Jifunze kuusoma mshono

Tazama mstari uliokwisha kufumwa ukiwa juu yake. Kila mshono una nyuzi mbili zilizolala zikifanya umbo la V, uzi mmoja upande wako na mwingine upande wa nyuma. Kila V moja ni mshono mmoja. Kitanzi kilicho kwenye sindano hakihesabiwi kamwe. Sindano ikipita chini ya nyuzi zote mbili, kitambaa kinakuwa imara. Ikipita chini ya uzi wa nyuma tu, uzi wa mbele unabaki wazi na kuchora mstari unaoonekana, pambo zuri kwa ukosi wa sweta au mkoba.

Sasa tuje kwenye kingo, mahali ambapo vitambaa vingi vya mraba hugeuka kuwa na umbo la pembetatu iliyokatwa kichwa. Unapoanza mstari wa mishono mirefu kwa mnyororo wa vitanzi 3, mnyororo huo kwa kawaida huhesabiwa kuwa mshono wa kwanza. Kwa hiyo mambo mawili ni ya lazima: kuruka mshono ulio chini yake, na mwishoni mwa mstari kufuma mshono wa mwisho juu ya ule mnyororo wa vitanzi 3 wa mstari uliotangulia. Hilo la pili ndilo husahaulika, kwa sababu kichwa cha mnyororo hakionekani kuwa mshono. Ukilisahau katika kila mstari, kitambaa hupungua mshono mmoja kila mara bila wewe kujua.

Jipime kwa mishono 20. Fuma mnyororo wa vitanzi 22, ingiza sindano katika kitanzi cha nne kutoka kwenye sindano, kisha fuma hadi mwisho. Vile vitanzi 3 ulivyoviruka ni mshono wa kwanza, na 19 vilivyobaki vinakupa jumla ya 20. Hesabu kila mwisho wa mstari, na utie pini au kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye mshono wa kwanza na wa mwisho. Hesabu ikikataa, fumua palepale. Mshono uliopotea hauwezi kufichwa kwa kuongeza mwingine katika mstari wa juu, kwani jicho la mnunuzi litauona.

Hatua ya 4: Pima kabla ya kuanza kazi kubwa

Fuma kipande cha mraba cha sentimita 15 hivi, ukifue, ukikaushe, kisha uhesabu mishono iliyo ndani ya sentimita 10 katikati yake. Usipime kwenye kingo, kwa kuwa huko mishono hupindika.

Chukua mfano wa blauzi yenye mishono 90 kwa upande wa mbele, iliyokadiriwa kwa mishono 18 kila sentimita 10. Upana uliokusudiwa ni sentimita 50. Wewe ukipata mishono 20 katika sentimita 10, upande huohuo utatoka sentimita 45, na pande mbili za blauzi zitakuwa zimepungua sentimita 10 nzima. Mishono ikizidi, panda sindano kwa nusu milimita na ujaribu tena, ikipungua, shuka.

Hatua ya 5: Elewa hesabu ya duara

Duara hukaa bapa pale kila mzunguko unapoongezewa mishono kwa kiasi kinacholingana na urefu wa mshono. Mzingo wa duara hukua kwa takriban mara 6.28 ya urefu wa mshono wa mzunguko unaoongezwa. Mshono mfupi una urefu unaokaribia upana wake, kwa hiyo unaongeza mishono 6 kila mzunguko: 6, 12, 18, 24. Mshono mrefu una urefu wa karibu mara mbili ya upana wake, kwa hiyo unaongeza 12: 12, 24, 36, 48.

Kitambaa kikianza kuinuka pembeni na kuwa bakuli, mishono haitoshi. Kikijikunja kwa mawimbi, imezidi. Mawimbi hayo yana matumizi yake pia: mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimina wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alifuma kwa kroshe vipande vilivyoongezwa mishono kwa uwiano maalumu ili wanafunzi waweze kushika mkononi umbo la jiometri ambalo ni gumu kulichora kwenye karatasi.

Jihadhari pia na kuongeza mishono mahali palepale katika kila mzunguko, kwani duara litapata pembe sita. Sogeza mahali pa kuongezea mzunguko hadi mzunguko.

Hatua ya 6: Soma maelekezo na michoro

Maelekezo mengi yaliyoandikwa kwa Kiingereza yana mtego mmoja. Kifupisho "dc" katika maelekezo ya Marekani ni mshono mrefu, na katika ya Uingereza ni mshono mfupi. Ukiona "sc", yaani mshono mfupi, popote, maelekezo hayo ni ya Kimarekani, kwa sababu Waingereza hawakitumii. Kagua hilo kabla ya kununua uzi.

Michoro ya alama ni bora zaidi, kwa maoni yangu, kwa kuwa haina lugha. Kiduara kirefu ni kitanzi cha mnyororo, nukta nyeusi ni mshono wa kuungia, msalaba mdogo ni mshono mfupi, T isiyo na mkato ni mshono wa kati, na T yenye mkato mmoja ni mshono mrefu. Mikato ikiwa miwili, unazungusha uzi mara mbili kabla ya kuingiza sindano.

Hatua ya 7: Kausha kwa umbo

Fua kitambaa cha pamba, kichovye katika wanga mwepesi, kitandaze juu ya godoro dogo au taulo nene, na ukibane kwa pini zisizopata kutu ukianzia katikati kwenda pembeni. Kiache kikauke kabisa. Akriliki usiipige pasi ya moto, kwa maana nyuzi zake huyeyuka na kulegea bila kurudi.

Hatua ya 8: Chora kitambaa cha zamani

Omba kwa mzee unayemheshimu kitambaa alichokifuma mwenyewe, kile ambacho hakikuwahi kuandikwa popote. Kitandaze kwenye mwanga, anza katikati, hesabu mishono ya mzunguko wa kwanza, kisha wa pili, na uandike kila mzunguko kwa alama ulizojifunza. Penye utata, geuza mgongo wa kitambaa, kwa sababu huko njia ya uzi huonekana wazi zaidi. Fuma kutokana na mchoro wako bila kukitazama cha asili, uviweke viwili hivyo pamoja, na usahihishe mchoro pale vinapotofautiana. Ukimaliza, mpelekee mwenyewe kitambaa chake pamoja na nakala ya mchoro, na umuulize ni wapi ulikosea kumsoma.