Sambusa ya kima: ya kununua na ya kupika mwenyewe

Tuanze na za kununua. Mombasa hii sambusa hazikosi, pita Mji wa Kale ama Bondeni jioni utaona makarai mpaka uchoke, lakini sio zote za kula. Mimi rangi siiangalii sana, naangalia ncha. Pembe ikiwa ishafunguka na kima yaonekana, ujue mafuta yashaingia na ukiuma yatakutiririka mpaka kwa kiwiko. Alafu ipasue: kima iwe punje punje, kavu, na kitunguu bado chatafunika. Ukikuta viazi vimejaa hapo umeuziwa viazi kwa bei ya nyama. Hotelini namuuliza mweta zimetoka karaini saa ngapi, akianza kutafuta maneno naitisha chai peke yake.

Sasa za nyumbani. Nusu kilo ya kima isokua na mafuta mengi, itie sufuriani bila mafuta wala maji, weka thomu, tangawizi, pilipili mbichi, chumvi na ndimu, uivunje vunje na mwiko mpaka maji yote yakauke. Epua, iache IPOE. Hapa ndo watu huharibu na mimi nshaharibu, Ramadhani moja magharibi ishakaribia nikamwaga vitunguu kwa kima ya moto nikafunika, vikatoa maji, manda, zile karatasi za unga za kukunjia, zikarowa, zikapasukia karaini. Mavyaa hakusema kitu, alijivutia tu sahani ya viazi karai.

Kwa hivyo vitunguu vitatu vikubwa, katakata vidogo, tia chumvi, vikamue kwa mkono, ndo uchanganye na ile kima ilopoa, dania na bizari ya pilau kidogo.

Manda za pakiti ni sawa tu, hakuna atakaekucheka. Zifunike na kitambaa kibichi zisikatike ukikunja, na gundi ni unga na maji, mzito kama uji.

Moto uwe wa wastani. Mafuta yakichemka sana manda zafura maputo, yakiwa baridi sambusa zayanywa. Tupia kipande cha manda, kikipanda taratibu na mapovu madogo, tia. Zikitoka zisimamishe kwenye chujio, usizirundike kwa bakuli ukafunika, mvuke utazilegeza. Zilobaki zigandishe mbichi kwa friza, na siku ukizitaka zaingia karaini vile vile na barafu yake, moto mdogo, usingoje ziyeyuke.